Mnyauko wa kahawa: Kwa nini mbuni mmoja hufa na jirani yake hubaki?

Katika vijiji vingi vya Kagera, Uganda na mashariki ya Kongo, watu wanapanda kahawa tena. Sehemu zilizokuwa zimegeuzwa mashamba ya mahindi au mihogo sasa zinachimbwa mashimo ya mibuni. Sababu inajulikana: ni bei. Mwaka 2024 kahawa ya robusta ilivuka dola 5,000 za Marekani kwa tani katika soko la London, bei ambayo haikuwa imeonekana kwa miongo mingi.

Lakini wapo wazee wanaotazama mashimo hayo kwa wasiwasi. Wanakumbuka miaka ya mwisho ya 1990, mibuni iliyopandwa na baba zao ilipoanza kukauka tawi moja baada ya jingine, mpaka shamba zima likabaki kuni. Ugonjwa ule haujaondoka. Kwa Kiswahili cha mabwana shamba unaitwa mnyauko fuzari.

Wasikilizaji wengi huuliza swali moja kuhusu ugonjwa huu: kwa nini unaua mbuni huu na kuuacha ule? Kwa nini robusta hukauka wakati arabika iliyo karibu haiguswi? Na kwa nini hata ndani ya shamba moja la robusta, miti hamsini hufa na mitatu husimama? Majibu yake ndiyo yanayoamua kama mche unaopanda mwaka huu utakusomeshea mtoto au utakuachia deni.

Ugonjwa unavyoua

Mnyauko fuzari huletwa na kuvu, au fangasi kama wengi tunavyoita. Jina lake la kisayansi ni Fusarium xylarioides. Kuvu hii huingia ndani ya mbuni kupitia vidonda, hasa sehemu ya chini ya shina karibu na ardhi, pale jembe linapokwaruza wakati wa palizi, au pale panga linapokata tawi.

Ikishaingia, huziba mirija inayopandisha maji kutoka kwenye mizizi. Ni kama bomba lililoziba: maji yapo ardhini lakini hayafiki juu. Majani hugeuka rangi kuwa ya njano, hujikunja, hukauka na kupukutika. Mara nyingi huanza upande mmoja wa mti, kisha huenea. Buni huiva kabla ya wakati na kukaukia hapohapo kwenye tawi.

Ukibandua gamba la shina lililougua, utaona mti wa ndani una rangi ya samawati iliyokoza, karibu na nyeusi. Hiyo ndiyo alama kubwa ya ugonjwa huu. Mbuni ulionyauka kwa jua kali hauna rangi hiyo. Na ukiona utando mweupe chini ya gamba karibu na mizizi, hilo huwa tatizo jingine, ugonjwa wa mizizi unaoletwa na kuvu ya aina nyingine.

Mti ukishaonyesha dalili, haurudi. Mche mdogo unaweza kufa ndani ya wiki chache. Mbuni mkubwa unaweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, lakini mwisho wake ni uleule. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayouponya. Anayekuuzia dawa ya kutibu mnyauko fuzari anakuuzia maji.

Koo tatu za kuvu moja

Watu wengi hudhani kahawa ni mmea mmoja wenye majina mawili. Sivyo. Arabika na robusta ni spishi mbili tofauti, kama punda na farasi walivyo wanyama wawili ingawa wanafanana. Robusta ni ya misitu ya joto ya Afrika ya Kati na Magharibi, na imekuwako Kagera na Buganda tangu kabla ya wakoloni. Buni zake zilichemshwa, zikakaushwa na kutafunwa na wageni. Arabika asili yake ni misitu ya milimani ya Ethiopia. Wanasayansi wameonyesha kwamba arabika yenyewe ilizaliwa zamani sana kutokana na kukutana kwa robusta na spishi nyingine ya kahawa ya porini. Kwa hiyo robusta ni mzazi wa arabika.

Ipo pia kahawa ya tatu, ekselsa, yenye mti mkubwa na majani mapana, iliyo ndugu wa karibu wa kahawa ya Liberika.

Nayo kuvu ina koo zake. Ukoo mmoja hushambulia robusta na huiacha arabika. Ukoo mwingine hushambulia arabika na huiacha robusta. Hii ndiyo sababu mkulima wa Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga, mwenye arabika, hakuwahi kuona shamba lake likikauka kama la mwenzake wa Bukoba. Kuvu iliyo Kagera imezoea mlango wa robusta; ufunguo wake haufungui mlango wa arabika.

Lakini mkulima wa arabika asijisifu. Ethiopia, ambako ndiko nyumbani kwa arabika, ukoo unaoua arabika umejulikana tangu miaka ya 1950, na bado unakausha mibuni huko hadi leo. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mche au udongo uliosafirishwa kinyemela kutoka nchi moja kwenda nyingine unaweza kubeba ukoo ambao shamba lako halijawahi kuuona.

Historia inayojirudia

Tukirudi nyuma, tunaona jambo la kutisha zaidi. Ugonjwa huu haukuanza kwa robusta wala kwa arabika. Ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mgonjwa alikuwa ekselsa. Katika miongo iliyofuata uliharibu mashamba ya Afrika ya Kati na Magharibi.

Wakati ule jibu lilikuwa kung'oa mibuni iliyougua na kuchoma, kisha kupanda robusta iliyochaguliwa kwa kuvumilia ugonjwa. Kazi kubwa ya uchaguzi huo ilifanyika Yangambi, Kongo. Kufikia miaka ya 1960 wengi waliamini kwamba ugonjwa umekwisha. Robusta ndiyo iliyoonekana kuwa mkombozi.

Haukuwa umekwisha. Katika miaka ya 1970 na 1980 ulirudi kaskazini mashariki ya Kongo, maeneo ya Isiro, na safari hii uliiangukia robusta yenyewe. Nchi ilikuwa katika misukosuko, huduma za ugani zilikuwa zimedhoofika, na mashamba mengi yalikuwa yametelekezwa. Hakuna aliyeng'oa wala aliyechoma. Ugonjwa ukasafiri kuelekea mashariki, njia zilezile ambazo kahawa na watu hupita.

Mwaka 1993 ulithibitishwa Uganda, upande wa magharibi karibu na mpaka wa Kongo. Mwaka 1997 ulikuwa umefika mkoa wa Kagera, Tanzania. Kufikia mwaka 2002, Uganda ilikuwa imepoteza karibu nusu ya mibuni yake ya robusta. Katika msimu wa 1996/97 nchi hiyo iliuza nje magunia yapatayo milioni 4.2 ya kilo 60. Kufikia msimu wa 2005/06 yalikuwa yameshuka hadi milioni 2 hivi. Bei mbaya na ukame vilichangia, lakini mnyauko ulikuwa na sehemu kubwa.

Nyuma ya takwimu hizo kuna kaya. Mbuni wa robusta haukui kwa msimu mmoja. Ukipanda leo, unasubiri takriban miaka mitatu ndipo uchume cha maana. Aliyepoteza shamba la mibuni ya miaka 30 hakupoteza mavuno ya mwaka mmoja. Alipoteza akiba aliyoachiwa na wazazi.

Wachache waliobaki wamesimama

Katika mashamba yaliyokauka, kulikuwa na mibuni michache iliyobaki kijani. Baadhi ilikuwa imenusurika kwa bahati tu, kuvu haikuifikia. Lakini mingine ilikuwa na kinga ya kuzaliwa nayo.

Watafiti wa Uganda katika kituo cha Kituza, wilaya ya Mukono, waliikusanya mibuni ya namna hiyo, wakaiambukiza kuvu kwa makusudi, na kuchagua ile iliyokataa kuugua. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana aina saba za mwanzo, zilizopewa majina KR1 mpaka KR7. Baadaye zikaongezwa nyingine tatu. Nchini Tanzania, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, kupitia kituo chake cha Maruku karibu na Bukoba, nayo ilichagua na kutoa aina za robusta zenye ukinzani.

Kazi hiyo, pamoja na upandaji mkubwa uliofuata, ni sehemu ya sababu ya Uganda kupanda tena. Katika mwaka wa fedha 2023/24 iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6.

Mbegu ya mti uliopona si sawa na mti uliopona

Hapa ndipo wakulima wengi wanapoumia bila kujua.

Mtu anaona mbuni mmoja shambani kwa jirani umesimama miaka 20 bila kuugua. Anachuma buni zake, anaotesha, anauza au anapanda miche. Anaamini amepanda kinga. Kwa arabika, jambo hilo lingekaribia kuwa kweli, kwa sababu arabika hujichavusha yenyewe na mtoto hufanana na mama. Robusta si hivyo. Ua la robusta haliwezi kujichavusha. Lazima lipate chavua ya mbuni mwingine. Mama anaweza kuwa mkinzani, lakini baba ni yeyote aliyeletwa na upepo au nyuki. Katika watoto hao, wengine watakuwa na kinga na wengine hawatakuwa nayo, na kwa macho hutawatofautisha kitaluni.

Ndiyo maana miche ya robusta yenye ukinzani huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya matawi laini vinavyokatwa kutoka kwenye bustani mama na kuoteshwa, au huzalishwa maabara kwa njia ya chupa. Mche wa kikonyo ni mti uleule wa mama, haukuchanganyika na mwingine. Lakini kwa sababu robusta huhitaji chavua ya mwingine, usipande aina moja tu shamba zima. Panda aina kadhaa pamoja, la sivyo utakuwa na mibuni yenye afya isiyozaa vizuri.

Kwa hiyo unapoambiwa "huu mche ni wa kisasa, hauugui", uliza maswali mawili. Ni wa mbegu au wa kikonyo? Na kikonyo kimetoka bustani mama gani? Muuzaji asiyeweza kujibu hayo, usimpe pesa yako.

Siyo kahawa peke yake

Kanuni hii, kwamba spishi moja hufa na nduguye huvumilia, iko katika miti mingi duniani. Ulaya kwa sasa wanalia na mti wa ashi, ambao mbao zake zimetumika kwa karne nyingi kutengenezea mipini ya shoka na majembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Poland, miti hiyo ilianza kukauka kuanzia ncha za matawi. Chanzo ni kuvu iliyotoka Asia ya Mashariki. Huko Asia, ashi wa kwao huugua kidogo kwenye majani na maisha yanaendelea, kwa sababu mti na kuvu vimeishi pamoja muda mrefu. Ashi wa Ulaya hakuwahi kukutana nayo, na akafa kwa mamilioni. Sasa wanasayansi wa Ulaya wanafanya kama walivyofanya watu wa Kituza: wanatafuta miti michache iliyobaki imesimama.

Hata migombani kwetu iko hivyo. Mnyauko wa Panama, unaoletwa na kuvu ya ukoo wa Fusarium, huua ndizi kama kisukari, lakini migomba yetu ya kupika ya nyanda za juu huvumilia aina ya kuvu hiyo iliyozoeleka hapa. Tusiuchanganye na mnyauko bakteria wa migomba, ambao ni ugonjwa mwingine na hauchagui hivyo.

Habari mpya kutoka maabara

Mwezi Desemba 2024, watafiti wakiwemo wa Imperial College London walichapisha katika jarida la PLOS Biology uchunguzi wa kuvu ya mnyauko wa kahawa. Walilinganisha sampuli zilizohifadhiwa kwa miongo kadhaa, tangu milipuko ya zamani. Waliona kwamba koo zilizoshambulia arabika na robusta zilikuwa zimepata vipande vya jeni kutoka kwa kuvu nyingine, Fusarium oxysporum, kundi lilelile ambalo ndani yake wamo wanaoua migomba. Kwa lugha ya kijijini, mwizi mmoja alimpa mwizi mwenzake ufunguo.

Hilo linaeleza kwa nini ugonjwa uliodhaniwa umekufa uliweza kurudi na kushambulia spishi nyingine. Linatuambia pia kwamba unaweza kubadilika tena. Utafiti huo haukusema wakulima wang'oe migomba katika vibanja vya kahawa. Migomba hutoa kivuli, chakula na matandazo. Funzo lake ni kwamba aina yenye ukinzani leo si hati ya milele. Ekselsa iliugua, robusta ikaitwa mkombozi, kisha robusta ikaugua. Vituo vya utafiti vikikosa bajeti ya kuendelea kuchagua aina mpya, siku moja KR nazo zinaweza kukuta ukoo wa kuvu zisioujua.

Nani anakagua vitalu?

Hapa sayansi inaishia na siasa inaanza. Bei ikipanda, kila mtu hufungua kitalu. Mche wa kikonyo ni ghali na huchukua muda. Mche wa mbegu ni rahisi. Pasipo ukaguzi, wa pili huuzwa kwa jina la wa kwanza.

Nchini Uganda, Bunge lilipitisha mwezi Novemba 2024 sheria ya kuirudisha mamlaka ya kahawa, UCDA, ndani ya Wizara ya Kilimo. Serikali ilisema inapunguza gharama za taasisi zinazofanya kazi zinazofanana. Wapinzani walisema mamlaka hiyo ndiyo iliyosimamia ubora. Kwa mkulima, kipimo cha mabishano hayo ni rahisi: je, kuna mtu anayekuja kukagua kitalu cha kata yako?

Nchini Tanzania, Serikali kupitia Bodi ya Kahawa na TaCRI imekuwa ikigawa miche kwa wakulima. Ni jambo jema. Lakini idadi ya miche iliyogawiwa si kipimo cha kutosha. Viongozi wa AMCOS na wa vijiji wana haki ya kuuliza mche ni wa aina gani, umezalishwaje, na mingapi iko hai baada ya miaka miwili.

Ufanye nini shambani

Ukiona mbuni unaonyauka, kwangua gamba la shina chini. Ukikuta rangi ya samawati nyeusi, mwite ofisa ugani. Piga picha kwa simu umtumie kama yuko mbali.

Ng'oa mbuni mgonjwa pamoja na mizizi yake, uuchome hapohapo. Usiuburute kupita katikati ya shamba na usiupeleke nyumbani kuwa kuni. Hili ni gumu, maana mbuni wenye nusu ya matawi mabichi bado unaonekana una mavuno. Lakini mavuno hayo ya mwisho ndiyo yanayoambukiza mengine.

Usipande kahawa nyingine kwenye shimo hilo mara moja. Panda mahindi kwanza, na muulize ofisa ugani muda wa kusubiri kwa eneo lako.

Usilime kwa jembe karibu na shina. Ng'oa magugu kwa mkono na uweke matandazo. Panga ulilokatia mti mgonjwa lipitishe kwenye moto kabla ya kugusa mzima. Usilete shambani maganda ya kahawa kutoka mahali usipopajua.

Na zungumza na jirani. Kuvu haijui mpaka wa shamba. Ukichoma wewe peke yako na jirani akaacha miti mitano mfu imesimama, kazi yako ni bure. Mahali ambapo ugonjwa ulidhibitiwa miaka ya nyuma, walioshinda ni vijiji vizima vilivyokubaliana, siyo mkulima mmoja hodari.

Bei nzuri ya kahawa inaweza kushuka kabla mche wa leo haujazaa. Soko hatulitawali. Tunachotawala ni aina ya mche unaoingia kwenye shimo, na mahali tulipoutoa.